Ushauri nasaha: Ni tiba ya hospitali au ni kitu kingine?

Ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam siku hizi, au Mombasa, au Nairobi, hutakosa kuona kibao kinachotangaza huduma ya ushauri nasaha. Mara nyingi kibao hicho kipo pembeni ya maabara au juu ya duka la dawa, na anayetoa huduma amevaa koti jeupe. Miaka 25 iliyopita wengi wetu neno hili tulilisikia katika jambo moja tu, nalo ni kupima virusi vya UKIMWI. Unakaa na mshauri kabla ya kutolewa damu, na unakaa naye tena kabla ya kupewa majibu. Leo neno limepanuka. Yuko mshauri wa ndoa, yuko mshauri wa vijana walionaswa na unga, na yuko mtaalamu wa saikolojia ambaye mtu anakwenda kwake kila wiki, anakaa naye saa moja, wanazungumza, anaondoka. Hakuna sindano wala kidonge. Na wapo wanaopona.

Hebu tujiulize. Huyu aliyepona kwa kuzungumza, je, ametibiwa? Yaani ametibiwa kwa maana ile ile ambayo mgonjwa wa malaria ametibiwa, kwamba alikuwa na ugonjwa ndani yake, mtaalamu akautambua, akaupa dawa yake, ukaondoka? Au kilichotokea pale ni jambo jingine kabisa, ambalo tumelivisha koti jeupe kwa sababu hatukuwa na vazi jingine la kulivisha?

Najua wapo watakaosema kuwa haya ni maswali ya watu walioshiba. Mtu akipona si amepona, mengine ya nini? La hasha. Jibu la swali hili ndilo linaloamua nani aruhusiwe kukaa kwenye kile kiti, nani alipe, na mgonjwa aulizwe nini na asiulizwe nini. Na lililo kubwa zaidi, ndilo linaloamua kosa likitafutwa litafutwe wapi: ndani ya kichwa cha yule anayelia, au kwa wale waliomliza.

Kwanza tuwatendee haki madaktari. Wao wanasema kuwa maradhi ya nafsi ni maradhi kama mengine. Yana dalili, yana jina, yana chanzo ndani ya mtu, iwe ni kwenye ubongo wake au kwenye namna alivyozoea kufikiri. Kwa hiyo yana tiba yake maalumu, na tiba hiyo inaweza kupimwa kama zinavyopimwa dawa: kundi moja linapewa, kundi jingine halipewi, kisha matokeo yanalinganishwa. Kwa mtazamo huu, mazungumzo na mtaalamu ni dozi. Vikao sita au vikao kumi na viwili, sawa na vidonge vya siku tatu au siku saba.

Mtazamo huu umeokoa watu, na sitaki ndugu msomaji adhani kuwa nautupa. Katika mtaa niliokulia alikuwepo kijana hodari wa mpira ambaye alipofika miaka 20 alianza kusikia sauti zinazomtukana. Nyumbani kwao walisema ana jini. Alifungwa kamba uani, akasomewa, akafukizwa, na mganga mmoja akala mbuzi watatu wa familia ile kwa awamu. Miaka miwili ilipita hivyo. Alipopelekwa hospitali ndipo ikajulikana kuwa ni skizofrenia, akaanzishiwa dawa, na leo ni fundi wa magari mwenye mke na watoto. Anameza dawa zake na anaswali jamaa. Aliyemwambia mama yake kwamba kumpeleka mtoto hospitali ni upungufu wa imani alimdhulumu yule kijana miaka miwili ya ujana wake. Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu wajitibu, na wala hakuweka mpaka kwamba kichwani wasiguse.

Tazama pia jambo lililotokea Kenya. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Yaani mtu anaokolewa na majirani akiwa na kitanzi shingoni, anapelekwa hospitali, na akizinduka anamkuta askari mlangoni. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu hicho kuwa ni kinyume cha katiba. Moja ya hoja zilizosaidia kufika hapo ni kuwa watu hawa wengi wao ni wagonjwa wanaohitaji huduma, si wakosaji wanaohitaji jela. Kujiua ni haramu na hukumu hiyo haikulibadilisha hilo. Lakini fiqhi yetu inajua siku nyingi kuwa aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake. Hapa lugha ya daktari imefanya kazi ya rehema, na mwenye kuibeza atuambie yeye angemfanya nini yule mtu wa kitanzi.

Sasa, hayo ni maradhi ya akili. Swali letu ni mazungumzo. Na hapa historia yenyewe inashangaza, kwa sababu mtu anayehesabiwa kuwa baba wa tiba hii hakukubali kuwa ni tawi la udaktari.

Mambo yalianzia Vienna, Austria, mwaka 1880. Binti wa familia tajiri ya Kiyahudi aitwaye Bertha Pappenheim alikuwa akimuuguza baba yake aliyekuwa mahututi. Akaanza kupooza viungo, kuona vitu visivyokuwepo, hata akaisahau lugha yake ya Kijerumani na kubaki anazungumza Kiingereza. Daktari wake, Josef Breuer, aligundua kuwa binti akipata nafasi ya kusimulia anapata nafuu. Mwenyewe Bertha aliiita hiyo tiba ya kuzungumza, na akiwa kwenye mzaha aliiita kufagia dohani. Mwaka 1895 Breuer na mwenzake kijana, Sigmund Freud, walitoa kitabu wakamweleza binti huyo, kwa jina la kubuni, kama mtu aliyepona. Ukweli uliokuja kujulikana baadaye ni kuwa mwaka 1882, baada ya Breuer kumaliza kazi yake, alilazwa katika nyumba ya wagonjwa Uswisi. Kwa hiyo yule "mgonjwa wa kwanza aliyepona kwa maneno" hakupona kama tulivyosimuliwa. Lakini hakufia huko. Alikuja kuendesha nyumba ya mayatima mjini Frankfurt, na mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, akawa mpiganaji mkubwa dhidi ya biashara ya wasichana. Sijui kama kuna fomu ya hospitali yenye kisanduku cha kutia alama kwa mabadiliko ya namna hiyo.

Freud naye alifikwa na mtihani mwaka 1926. Mwanafunzi wake, Theodor Reik, ambaye alikuwa na shahada ya uzamivu lakini si tabibu, alishitakiwa Vienna kwa kosa la kutibu watu bila kuwa daktari. Freud, yeye mwenyewe daktari, aliandika kitabu kizima kumtetea. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi hii si mali ya kitivo cha udaktari, na kwamba masomo ya udaktari hayamwandai mtu kuifanya. Baadaye akafika mahali pa kuifananisha kazi hiyo na ya mlezi wa nafsi za watu ambaye si kasisi. Na huyu ni mtu asiyeamini dini yoyote! Wamarekani hawakumsikiliza. Mwaka 1938 chama chao cha wafuasi wa Freud kiliamua kuwa atakayefundishwa kazi hii ni daktari tu. Uamuzi huo ulidumu karibu nusu karne, hadi wanasaikolojia walipokwenda mahakamani mwaka 1985, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 1988. Ukiyafuatilia mabishano yale utaona kuwa sehemu yalikuwa ya elimu, na sehemu yalikuwa ni nani apokee ada.

Tuje kwenye ushahidi. Kama mazungumzo ni dawa, basi kila ugonjwa ungekuwa na mazungumzo yake, kama vile dawa ya minyoo haitibu kifua kikuu. Zipo njia nyingi za tiba hii: ya Freud ya kuchimba utoto, ya Aaron Beck ya kuchunguza fikra potofu, ya Carl Rogers ya kusikiliza tu kwa moyo mkunjufu, na nyingine nyingi zinazoshindana na kudharauliana. Tangu mwaka 1936 mwanasaikolojia wa Marekani, Saul Rosenzweig, aliona kuwa njia hizi pamoja na kutofautiana kwake zinaelekea kuleta matokeo yanayokaribiana, na akasema huenda kinachoponya ni kile zinachoshirikiana. Mwaka 1961 Jerome Frank, daktari wa magonjwa ya akili, aliwalinganisha wataalamu wa Marekani na waganga wa jamii mbalimbali duniani, akakuta mambo yale yale: mtu anayeaminiwa, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, maelezo yanayompa mwenye dhiki maana ya dhiki yake, na jambo la kufanya ambalo wote wawili wanalifanya kwa dhati. Mwaka 2001 Bruce Wampold alizikusanya tafiti nyingi na kufikia hitimisho kuwa uhusiano kati ya wawili hao na imani waliyonayo katika kazi yao vina uzito kuliko mbinu maalumu.

Nisizidishe chumvi. Yako mambo ambayo mbinu maalumu ina nguvu ya wazi. Mtu mwenye hofu ya kupindukia ya lifti, au aliyekamatwa na wasiwasi wa udhu hadi anaosha mkono mara arobaini na swala inampita, anasaidiwa sana na njia ya kumzoesha kidogo kidogo kukabili anachokikwepa. Hapo inafanana na mazoezi ya viungo baada ya kuvunjika mguu. Lakini wengi wanaobisha hodi kwa washauri hawaji na lifti. Wanakuja na ndoa, na msiba, na mtoto aliyepotea, na deni, na upweke wa mjini.

Na msiba ndio unaonionyesha wazi zaidi mushkeli wa kukifanya kila kitu kuwa ugonjwa. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wana mwongozo wao ambao sehemu kubwa ya dunia inaufuata au kuutazama. Toleo la mwaka 1980 lilitahadharisha kuwa aliyefiwa asihesabiwe haraka kuwa na ugonjwa wa sonona, kwa kuwa kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kulia ni mambo ya msiba. Toleo la mwaka 1994 likaweka miezi miwili. Mwaka 2013 kinga hiyo ikaondolewa. Kuanzia hapo, mtu mwenye dalili zinazotakiwa kwa wiki mbili anaweza kupewa jina la ugonjwa hata kama kafiwa mwezi huo huo. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu. Waliogopa kwamba mtu mwenye sonona kali ataachwa bila msaada kwa kuambiwa tu kuwa ni msiba, na mwongozo unamwachia daktari atumie busara. Lakini kliniki iliyojaa foleni hadi barazani, busara inapatikana wapi? Pana fomu ya maswali tisa, na yote yanauliza wiki mbili zilizopita. Mwaka 2022 wakaongeza na ugonjwa mwingine, wa msiba uliorefuka, na kwa mtu mzima mpaka wake ni mwaka mmoja.

Ndugu msomaji, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Sheria hiyo ina hekima zake nyingi, na si kipimo cha huzuni. Lakini tazama inavyomtendea. Haimuulizi kama amepona. Inamtengea muda, inamwondolea mapambo na heka heka, na inawajulisha wote wanaomzunguka kuwa huyu yuko katika hali maalumu na ana haki juu yao. Sira inauita mwaka aliofariki Bi Khadija (r.a.) na Abu Talib kuwa ni mwaka wa huzuni. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia mwanawe miaka mingi hadi macho yakapofuka, na waliokuwa wakimwambia kuwa sasa imezidi walikuwa ni wale wale waliomtupa Yusuf kisimani.

Hili la kutofautisha huzuni na huzuni si geni katika elimu yetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi, akiwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuipuuza hii ya pili. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Iko huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na iko inayomshukia mtu bila sababu anayoijua. Hii ya pili aliihusisha na mwili, akaitaka dawa ya mwili. Ya kwanza akaitaka fikra na maneno, ya mtu mwenyewe na ya wenzake. Hata alishauri mtu mzima wa afya ajiwekee akiba ya fikra njema kama anavyoweka dawa ya dharura nyumbani. Elimu yake ya damu imepitwa na wakati, hilo halina ubishi, na mipaka kati ya mafungu yale haiko wazi kama alivyodhani. Lakini swali aliloanza nalo, kwamba huyu ana huzuni ya nini, ndilo ambalo fomu ya maswali tisa haina mahali pa kuliandika.

Nimemwona mama mmoja aliyelipia pengo hilo. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne, wawili wa kiume. Wazazi wa marehemu walishatangulia. Kwa mirathi yetu hesabu yake haina ugumu: mjane thumuni, kinachobaki ni cha watoto, na ndugu wa marehemu hawana fungu. Shemeji zake hawakungoja eda iishe. Walibadilisha kufuli za vyumba vya wapangaji wakaanza kupokea kodi wao. Mama akawa halali, hali, anatetemeka mikono. Akaenda kliniki, akajaza fomu, akaambiwa ana sonona ya kati, akapewa vidonge na vikao sita vya ushauri. Mshauri alikuwa binti mpole na mwenye adabu. Alimfundisha kuvuta pumzi, na kuzitambua fikra zinazomuumiza na kuzipinga. Moja ya fikra hizo ilikuwa kwamba shemeji zake wanamdhulumu. Katika vikao vyote sita hakuna aliyemuuliza kama fikra hiyo ni ya kweli.

Sisemi kuwa vidonge havikumsaidia. Vilimrudishia usingizi, na aliyelala usiku ana nguvu ya kwenda mahakamani asubuhi. Tatizo langu ni jina. Ukishaliita jambo lile ugonjwa wake, basi limekuwa lake. Liko ndani yake, na kazi iliyobaki ni ya yeye kubadilika. Wale wenye kufuli mpya hawamo kwenye faili. Dhulma imegeuzwa kuwa dalili.

Na haijaanza leo. Mwaka 1851 daktari wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kuwa amegundua maradhi yanayowafanya watumwa weusi watoroke. Aliyapa jina la Kigiriki lenye heshima zote, akaeleza sababu zake, na katika kinga alizopendekeza kulikuwemo kuwachapa viboko. Leo tunacheka, lakini alikuwa daktari aliyesoma, na aliandika katika jarida la madaktari. Kosa lake halikuwa kukosa takwimu. Alikuwa ameligeuza swali la haki, kwamba mtu huyu anamilikiwa kwa nini, likawa swali la afya. Sisi wa mwambao huu, ambao wengine tuna mababu waliopita sokoni Zanzibar, hatupaswi kuhitaji maelezo marefu hapo.

Hoja yangu basi ni hii. Maradhi ya akili yapo na yaachwe mikononi mwa madaktari. Lakini yale mazungumzo yenyewe, watu wawili wamekaa wakilitazama tatizo la maisha ya mmoja wao, kiini chake si utabibu. Yako karibu zaidi na malezi na nasaha. Daktari anayeunga mfupa hana haja ya kujua mguu ukipona utakupeleka wapi, msikitini au baa. Mshauri hawezi kulikwepa hilo. Mwanamke anayeuliza arudi kwa mumewe au asirudi, kijana anayeuliza amtii baba yake au afuate moyo wake, hao wanauliza lipi ni jema. Mshauri anayesema kuwa yeye hana upande, anatibu tu, tayari ana jibu mfukoni kuhusu mtu mzima mwenye afya ni yupi: mara nyingi ni yule anayejitegemea, asiyefungwa na ukoo, anayejiwekea malengo yake. Huenda ni jibu zuri. Lakini ni jibu la kimaadili, na limeingia chumbani bila kupiga hodi. Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliwaonya wanasaikolojia Waislamu juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1979, na aliwaambia hivyo akiwa mmoja wao, si mtu wa pembeni anayechukia fani.

Hapo atainuka mtu, na ana haki ya kuinuka. Atasema: ukiitoa kazi hii hospitalini utakuwa umeifungulia mlango kila tapeli. Daktari ana leseni, ana mitihani, akikosea anashitakiwa. Huyo mtoa nasaha wako nani atamshika? Tumeshawaona wanaojiita masheikh wa visomo, wanaopokea wanawake katika vyumba vilivyofungwa na kutoza fedha kwa kila jini. Na tunawajua maimamu wetu, Allah (s.w.t.) awahifadhi, ambao mwanamke akija na jicho limevimba wanamwambia subiri, kisha Ijumaa kisa chake anakisikia kwenye khutba, jina tu ndilo halikutajwa.

Hoja hii ni nzito, na jibu lake nimelipata Zimbabwe. Mwaka 2005 Dk. Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Binti huyo alitakiwa kurudi hospitali lakini hakuwa na nauli ya basi. Mwaka uliofuata, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, Chibanda alianza na alichokipata, nacho ni bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa. Aliwafundisha, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi hawa hawamwambii mtu kuwa ana sonona. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kulikopita kiasi. Wanamsikiliza, wanamsaidia kuyataja matatizo yake yote, kuchagua moja, na kutafuta hatua ya kulikabili. Tatizo likiwa ni mume, au kodi, au shemeji, hilo ndilo linalowekwa mezani. Anayeonekana kuwa katika hatari anapelekwa mbele, kwa wenye utaalamu mkubwa zaidi.

Je, halikupimwa? Lilipimwa, tena kwa mizani ile ile ya dawa. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawiwa, wengine wakapewa huduma ya kawaida ya zahanati iliyoboreshwa, wengine wakapelekwa kwenye benchi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi la huduma ya kawaida nusu nzima bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kundi la benchi walibaki kama mmoja kati ya saba. Mpango huo umeshaenea nchi nyingine, na Zanzibar ni miongoni mwa sehemu ulikofika.

Wapo wanaolisoma jambo hili kuwa ni ushindi wa udaktari, kwa kuwa limepimwa kitabibu. Mimi nalisoma kinyume. Shule nazo zinapimwa, na hakuna anayesema kuwa ujinga ni homa na mwalimu ni muuguzi. Kitu kinaweza kuwa na mafunzo, usimamizi, siri, kumbukumbu na kipimo bila kuwa tiba ya hospitali. Bibi wa Mbare wana vyote hivyo. Kinachowatofautisha na yule sheikh wa chumba kilichofungwa si koti jeupe, kwa maana hawanalo. Ni kwamba yupo anayewasimamia, wanakaa mahali pa wazi, hawadai mbuzi, na wanajua pa kumpeleka mtu ambaye jambo lake limewazidi.

Liko jambo la mwisho ambalo watu hawalisemi waziwazi, nalo ni fedha. Mahali penye bima, mfuko hulipia ugonjwa, haulipii dhiki. Kwa hiyo mshauri mwenye huruma anajikuta analazimika kuandika jina la ugonjwa ili mteja wake apate vikao. Jina hilo linabaki kwenye faili. Kesho kijana anaomba kazi inayotaka uchunguzi wa afya, au posa inapelekwa na upande wa pili wanaulizia, na faili linasema alikuwa mgonjwa wa akili, wakati alichokuwa nacho ni baba aliyefariki na mtihani wa kidato cha sita katika mwezi mmoja. Kabla ya kukubali kujaziwa fomu, muulize mshauri: unaandika nini hapo, nani atakisoma, na kwa muda gani? Muulize pia alisomea wapi, nani anamsimamia, na akiona jambo limemshinda humpeleka mtu wapi. Maswali hayo hayo aulizwe na yule anayekaa msikitini.

Misikiti yetu mikubwa ya mjini ina vyumba vya wageni, ina ofisi, mingine ina zahanati. Inao pia akina mama wastaafu, walimu na wauguzi, ambao mtaa mzima unawaendea kimya kimya baada ya Alasiri. Kuwachagua wanne, kuwapeleka mafunzo ya miezi michache, kuwaunganisha na hospitali ya wilaya kwa upande mmoja na na kadhi au mwanasheria kwa upande mwingine, si mradi wa mamilioni. Kamati za misikiti zinazojadili mazulia na viyoyozi kila Ramadhani zinaweza kuliweka hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.